Aliyechomoa Mapema

Gari lililopakiwa juu ya lori pale Branford, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, halikuwa mkweche. Lilikuwa Tesla Model S jipya la bei ya zaidi ya dola 100,000, betri yake ya uniti 85, na vipimo vya serikali ya kule vilisema litakwenda kilomita 426 kwa chaji moja. Aliyeliendesha naye hakuwa mgeni wa mambo haya. John Broder alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Times, na habari za nishati ndizo zilizokuwa mkate wake. Hata hivyo, katika baridi ya Januari 2013, alijikuta kando ya barabara kuu akisubiri kubebwa. Lori lilipofika likahangaika muda mrefu kulipandisha gari, kwa sababu breki yake ya kuegeshea hufunguliwa kwa umeme, na umeme ndio uliokuwa umekwisha.

Visa vya magari ya umeme kuzimika njiani ni vingi. Nakichagua hiki kwa kuwa pande zote mbili, dereva na mtengenezaji, ziliweka kumbukumbu zao hadharani: mmoja gazetini, mwingine kutoka ndani ya kompyuta ya gari. Ni nadra kupata ajali ya namna hii ambayo mtu anaweza kuifuata saa kwa saa mpaka akaona ni wapi hasa mambo yaliharibika.

Kampuni ya Tesla ilikuwa imefungua vituo viwili vya kuchaji kwa kasi kwenye njia ya mashariki, kimoja Newark katika jimbo la Delaware na kingine Milford, Connecticut. Kati yao kuna takriban kilomita 320. Broder alipewa gari avijaribu. Akatoka viungani mwa Washington, akachaji Newark kwa dakika 49, dashibodi ikamwonyesha kilomita 390. Kilomita 320 za kwenda, 390 mkononi: nani angekuwa na wasiwasi? Lakini haukupita muda akagundua kwamba namba ya kwenye dashibodi inateremka haraka kuliko kilomita anazozitembea. Anasimulia kwamba alipunguza mwendo, akapunguza na joto la ndani, mpaka miguu ikawa baridi. Alifika Milford chaji ikiwa ukingoni kabisa.

Mtu aliyenusurika hivyo ungetarajia ajaze betri mpaka ikatae. Yeye alichaji karibu saa moja akaondoka na kilomita kama 300 kwenye dashibodi, akaenda kulala hotelini Groton. Alipoegesha usiku ule gari lilisema lina kilomita 145, nyingi kuliko njia ya kurudi Milford. Hakuchomeka popote. Kulipokucha kipimajoto kilisoma nyuzi 12 chini ya sifuri na dashibodi ikasoma kilomita 40. Zaidi ya theluthi mbili ya alichokuwa nacho ilikuwa imeyeyuka huku gari limesimama.

Akapiga simu kwa watu wa kampuni. Kwa ushauri wao akaenda mji wa jirani, Norwich, kwenye nguzo ya kuchajia ya shirika la umeme la mji ule, nguzo ya polepole, tofauti na zile za Newark na Milford. Akachomeka kwa saa moja hivi. Dashibodi ikapanda hadi kilomita 51. Kutoka pale hadi Milford ni karibu kilomita 98.

Akachomoa, akaondoka.

Baadaye alieleza kwamba aliowasiliana nao ndio waliomwambia saa moja inatosha, maana sehemu ya chaji iliyopotea usiku ingerudi betri ikipata joto. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga kabisa, kwani betri baridi kweli huficha sehemu ya nguvu zake na kuitoa inapochangamka. Na gari lilijitahidi: lilikwenda kilomita 82, yaani 31 zaidi ya zile lilizoahidi. Branford ndipo lilipogoma.

Habari ilipotoka Februari, Elon Musk, mkuu wa Tesla, alikuja juu. Akaiita ya uongo, akachapisha rekodi za gari zenye mwendo, joto la ndani na kiwango cha chaji, kila kitu. Gazeti likajibu, watu wakagawanyika, wengine wakaifanya safari ile ile upya na kufika salama. Mhariri aliyekuwa akiwasikiliza wasomaji wa gazeti, Margaret Sullivan, akapima pande zote na kuhitimisha kwamba Broder alisafiri kwa nia njema, ila usahihi wa maandishi yake na busara yake njiani vilikuwa na kasoro. Naona hukumu ile ilikuwa ya haki. Lakini ugomvi wa nani mkweli uliwachukulia watu muda mwingi kuliko ulivyostahili, ukafunika namba tatu ambazo Musk mwenyewe alizitoa ili kumsuta mwandishi: mara ya kwanza Broder alichaji hadi asilimia 90, mara ya pili akaacha kwenye 72, mara ya tatu akaacha kwenye 28.

Kila alivyozidi kuwa na sababu ya kuogopa ndivyo alivyochomoa mapema zaidi.

Hapo ndipo penye darasa. Gari la umeme haliishiwi chaji njiani. Huishiwa pale linapochomolewa. Njia hufanya kazi ya kutangaza tu. Aliyezimika kilomita ya 82 alikuwa ameshazimika Norwich, akiwa bado na waya mkononi, nguzo ikitoa umeme bila kelele. Saa mbili zaidi pale zingekuwa adha. Kukwama barabara kuu, kusubiri lori, na kuandikwa na dunia nzima ni adha ya namna nyingine.

Kwa nini mtu mwenye akili zake achomoe mapema? Mazoea ya petroli ni sababu kubwa. Miaka zaidi ya mia tumefundishwa kwamba kujaza gari ni jambo la dakika tano, na taa ya mafuta ikiwaka kuna lita kadhaa za akiba, na zikiisha hizo kijana wa bodaboda atakuletea dumu la lita tano kwa nauli na asante. Huwezi kuletewa umeme kwenye dumu. Petroli yenyewe ilianza hivyo hivyo, tukisema kweli: Agosti 1888 Bertha Benz alipofanya safari ya kwanza ndefu ya gari, kutoka Mannheim hadi Pforzheim huko Ujerumani, hakukuwa na kituo cha mafuta hata kimoja, akanunua mafuta yake duka la dawa katika mji wa Wiesloch. Tofauti ni kwamba yeye alijua hakuna kituo.

Sababu nyingine ni ushauri mzuri unaotumiwa mahali pasipofaa. Wenye magari haya huambiwa wasichaji zaidi ya asilimia 80 kwenye chaja za kasi, kwa kuwa ikifika hapo kasi ya kupokea hushuka sana, na asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda karibu sawa na zote za kabla. Ni kweli, na pale ambapo kituo kingine kiko kilomita 60 mbele ni busara. Pale ambapo kituo kingine hakipo, asilimia 20 hizo ndizo zitakazokufikisha nyumbani, na kuziacha ni sawa na kumwaga maji jangwani kwa sababu mtungi unajaa polepole.

Sababu ya tatu ni ile namba yenyewe.

Namba ya kilomita kwenye dashibodi watu huisoma kama salio la benki. Ni makisio. Kompyuta huangalia ni kiasi gani cha chaji kimebaki, kisha huangalia umetumiaje umeme katika kilomita za karibuni, halafu hugawa. Maana yake inakuambia habari za ulikotoka. Umetoka kwenye foleni ya mjini, mwendo wa kobe, gari halili umeme mwingi, namba inanenepa. Umeteremka mlima, gari limekuwa likirudisha umeme kwenye betri kwa magurudumu. Namba inanenepa zaidi, na dereva anatabasamu. Kompyuta nyingi, hasa za magari ya miaka ya mwanzo, hazina habari kwamba mbele kuna mlima, upepo wa kukukabili, au abiria wanne na magunia ya viazi wanaokusubiri kituo kinachofuata.

Baridi ya Connecticut hapa Tanzania hatuna, isipokuwa labda Makete na Njombe asubuhi za Julai. Tuna milima, na mlima una hesabu yake isiyojadiliana na mtu. Kuinua tani moja mita 1,000 kwenda juu kunahitaji uniti 2.7, hata gari liwe la kisasa namna gani. Hiyo ni nguvu ya kunyanyua peke yake, kabla hujalipia msuguano wa tairi na ukinzani wa hewa.

Chukua barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Ni kilomita 33, fupi, yenye lami, na ukiwa kwenye Coaster hata huimalizi habari uliyoianza na jirani yako. Mombo iko tambarare chini ya Usambara. Lushoto iko karibu mita 1,000 juu yake. Tuseme mtu anatoka Tanga na Nissan Leaf, yeye, mke na watoto wawili na mizigo, jumla ya uzito tani 1.8. Anafika Mombo dashibodi ikisoma kilomita 60. Anatazama kibao: 33. Anapiga hesabu ya Broder pale Newark, anaona ana karibu mara mbili ya anachohitaji, anapita.

Kilomita 60 za tambarare ni kama uniti 9 kwa gari la aina hiyo. Kunyanyua tani 1.8 mpaka Lushoto kunakula karibu uniti 5. Kusukuma gari kilomita 33 kwa mwendo wa kona kunakula nyingine 4 au zaidi kidogo. Tisa zimekwisha. Huyu atazimika kwenye kona za mwisho, pembeni korongo na nyuma yake lori la mbao linapiga honi, au ataingia mjini akitambaa na alama ya kobe imewaka. Alama hiyo ipo kweli kwenye Leaf: betri ikikaribia sifuri, gari hupunguza nguvu na kumwonyesha dereva kobe, ili atafute pa kuegesha. Kwenye mlima mkali kobe hana msaada mkubwa.

Kurudi chini ni kinyume chake. Sehemu nzuri ya zile uniti 5 itarudi kwenye betri, na anaweza kufika Mombo ana chaji nyingi kuliko alivyotarajia. Ila hapo pana mtego mdogo ambao wengi hawaujui. Akiwa amelijaza gari hadi asilimia 100 kule juu, betri haina pa kupokea umeme wa mteremko, gari haliwezi kujizuia kwa mota, na kazi yote inarudi kwenye breki za kawaida, ambazo zikipata moto kwenye kona zile hakuna anayependa kuyasimulia yanayofuata. Anayeshuka mlima aache nafasi kidogo.

Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi unapanda zaidi ya mita 1,600, ila mpando huo umegawanywa kwenye kilomita kama 480, kwa hiyo haumshtui mtu mara moja, unamnyonya polepole. Wanaoendesha njia hiyo husema gari lilelile lililoshuka kwa furaha linarudi kwa malalamiko. Si gari lililobadilika.

Mwendo nao ni mlima wa aina yake. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: dereva wa kilomita 110 kwa saa anapambana na hewa karibu mara mbili ya yule wa 80. Chaji ya bei rahisi kuliko zote ni kuondoa mguu kwenye pedali mapema, namba ikiwa bado nzuri. Broder alipunguza mwendo alipoogopa; wakati huo huwa umebaki kuokoa makombo. Mabasi yatakupita, acha yapite. Kiyoyozi hakina makosa makubwa kama watu wanavyodhani, kinakula kidogo kuliko hita ya wenzetu wa nchi za baridi, na sioni sababu ya kuipika familia ndani ya gari lililofungwa vioo ili kuokoa kilomita mbili tatu.

Sasa tuje kwenye magari yenyewe tunayoletewa. Ethiopia mwaka 2024 ilifunga mlango kwa magari madogo ya petroli na dizeli kutoka nje, kwa hiyo kule umeme si suala la kuchagua tena. Kwetu magari ya umeme yanaingia kwa hiari ya mnunuzi, na yaliyo rahisi ni mtumba wa Japani, Leaf zikiwa nyingi. Mnunuzi akiuliza gari linakwenda umbali gani, muuzaji atamtajia namba ya Japani. Leaf ya kwanza, ya betri ya uniti 24, ilipimwa Japani ikapewa kilomita 200. Gari hilo hilo lilipopimwa Marekani lilipewa 117. Betri ni moja, tofauti ni namna ya kupima. Kipimo cha Japani cha wakati ule kilikuwa cha upole mno. Ninayemwamini ni Mmarekani, na hata yeye alipima gari jipya.

Joto ndilo baridi yetu. Leaf hizi za mtumba hazina maji ya kupooza betri kama magari mengine mengi ya umeme. Zinategemea hewa tu. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, hasa jiji la Phoenix lenye joto kama la tanuri, walianza kulalamika kwamba vistari vya uwezo wa betri vinapotea gari likiwa bado changa. Mambo yakafika mahakamani. Nissan ikatoa dhamana kwamba betri ikishuka chini ya vistari 9 kati ya 12 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, itarekebishwa. Gari la umri huo leo limeshapita muda wa dhamana zamani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania huruhusu, mradi ulipe kodi ya uchakavu. Kwa hiyo Leaf ya zamani inayoshushwa Dar es Salaam inakuja na uzee wake wote, halafu inakabidhiwa jua la Dar.

Vistari hivyo vinastahili kuelezwa, kwa sababu vimewaponza wengi. Kwenye dashibodi ya Leaf kuna safu mbili. Safu kubwa inaonyesha chaji iliyopo. Ile ndogo ya pembeni inaonyesha uwezo wa betri wenyewe, yaani ukubwa wa tangi. Ukichaji mpaka mwisho, safu kubwa itajaa hata kama tangi limesinyaa. Kistari cha kwanza kikipotea kwenye safu ndogo, asilimia 15 ya uwezo imekwenda, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6. Betri yenye vistari 9 iliyokuwa ya uniti 24 sasa ni ya 16 au 17. Hiyo ni kilomita mia moja barabara tambarare, dereva mpole, siku njema. Na wapo wauzaji wanaojua kuichezea kompyuta ili vistari vyote 12 viwake siku ya kukabidhiana gari, kisha vianze kudondoka kimoja kimoja wiki zinazofuata. Mnunuzi aende na fundi mwenye kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya LeafSpy kwenye simu, asome afya ya betri kabla hajatoa hela. Afadhali zaidi, aliendeshe gari kutoka chaji kamili mpaka nusu kwenye barabara anayoijua, ahesabu kilomita mwenyewe.

Mdomo wa kuchajia nao. Leaf ya Japani hutumia plagi ya kasi iitwayo CHAdeMO. Vituo vingi vipya duniani vinafungwa plagi za Ulaya au za Kichina. Unaweza kufika kituoni ukiwa na asilimia 4, ukakuta umeme upo, mhudumu yupo, nafasi ipo, na plagi haiingii. Ramani ya simu inayokuonyesha alama ya kituo haikuambii hilo mpaka uibonyeze na kusoma. Piga simu kabla ya kuondoka: plagi gani, inafanya kazi leo, na kama kuna umeme. Gridi nzima huwa inaanguka. Kenya ilikaa gizani Agosti 25, 2023, Tanzania Aprili 1, 2024. Kituo cha mafuta huwasha jenereta kikaendelea kuuza. Wewe utangoja.

Na likikuzimikia je?

Usikubali kamba. Hili nalitilia mkazo kwa sababu wema wa barabarani kwetu ni mwingi na wa haraka: Fuso litasimama, utingo ataruka na kamba ya manila, na ndani ya dakika tatu utakuwa umefungwa nyuma ukivutwa. Gari la umeme halivutwi magurudumu yanayounganishwa na mota yakiwa chini. Yakizunguka, mota inageuka jenereta, inazalisha umeme usiotakiwa na inaweza kuungua pamoja na vifaa vyake. Leaf huvuta kwa magurudumu ya mbele, kwa hiyo hayo yainuliwe, au bora gari zima lipandishwe juu ya lori kama lile la Branford. Mshukuru utingo, mpe ya soda, mwambie akusaidie kusukuma hadi pembeni tu, weka pembetatu nyuma, kisha tafuta gari la kubeba.

Kama hujazimika bado, ila unaona kabisa hufiki, acha kuwaza mji. Angalia nyaya juu ya barabara na nyumba zenye mita. Soketi ya kawaida ya pini tatu inatoa kama uniti 2 kwa saa, yaani kilomita 12 au 13 za tambarare. Ni kidogo. Lakini saa nne kwa mwenye gesti ni kilomita 50, na kulala usiku mzima ni betri karibu nzima. Broder alilala hotelini gari likiwa limeegeshwa nje bila waya; waya wa uani usiku ule ungetosha kuifuta habari nzima.

Ili soketi ya gesti ikusaidie ni lazima uwe umejiandaa nyumbani. Waya uliokuja na gari kutoka Japani una plagi isiyoingia kwenye soketi zetu, kwa hiyo fundi umeme akubadilishie mapema, fundi wa kweli. Nyumba nyingi za vijijini hazina waya wa ethi unaofika ardhini, na kisanduku cha kwenye waya wa kuchajia kikigundua hivyo kitawasha taa nyekundu na kukataa. Jenereta ndogo nazo huleta ugomvi uleule. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu itayeyuka. Mzigo huu ni kama wa pasi inayowaka saa nane mfululizo. Gusa plagi kila baada ya muda. Ikiwa ya moto mpaka huwezi kuishika, punguza ampea kama gari linaruhusu, au hamia soketi nyingine.

Halafu kuna adabu ya kuomba.

"Shikamoo mama, samahani, naomba kuchomeka gari."

"Marahaba mwanangu. Gari nalo linachomekwa?"

Mkishacheka, mweleze ukweli kuhusu umeme utakaotumia, kwa sababu yeye anafikiria simu. Mteja wa majumbani wa matumizi madogo hapa Tanzania, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti kwa shilingi 100. Akivuka kiwango hicho, bei ya uniti za ziada hupanda zaidi ya mara tatu. Usiku mmoja wa Leaf unaweza kula uniti 16 na zaidi, zaidi ya moja ya tano ya haki yake ya mwezi. Ukimpa elfu mbili asubuhi ukadhani umelipa vizuri, utakuwa umemwachia deni ambalo ataliona tarehe 25, wewe ukiwa umeshafika kwako. Na mita yake ya LUKU ikiwa na uniti sita, itazima saa tano usiku, nyumba nzima gizani, friji limezima, na gari lako limepata kilomita chache.

Kwa hiyo muulize kwanza kama yuko kwenye ile bei ya chini na kama unamvusha. Mwombe namba ya mita, nunua uniti kwa simu yako mwenyewe ukipiga hesabu kwa bei ya juu, zidisha kidogo ya kuwasha taa zake, mwingizie zile tarakimu 20, angalia salio limepanda. Ndipo uchomeke.